Shimo la Kitovu cha Machano

Hadithi yaja!
– Ije!
Yaja na mzigo!
– Tuutue!

Hapo kale palikuwa na Mji wa Juu na Mji wa Chini, na bonde kati yao. Aliyenipa hadithi hii hakunipa majina mengine ya miji hiyo, nami siongezi.

Katika Mji wa Juu aliishi mwanamke akiitwa Mize. Akazaa mtoto wa kiume, Machano. Kitovu kilipodondoka, kikazikwa mbele ya mlango, kama ilivyo desturi. Mnajua wenyewe: kilipozikwa kitovu chako ndipo kwenu.

Meno yakaja. Yakatangulia ya juu.

"Kigego!" wakasema wazee. Kigego ni mtoto aotaye meno ya juu kwanza. Watu wa zamani walimwogopa kama ndui. "Mtoe, Mize."

"Ni mwanangu."

"Mtoe, au mtoke wote."

Mize hakulia. Alipiga magoti mlangoni, akafukua kitovu kwa kucha zake, akakifunga kwenye pindo la nguo. Akashuka bonde, akapanda ng'ambo.

Mji wa Chini wakamtazama. "Kaa, lakini nje ya ukuta. Ndani ni kwa wenyewe."

Akakaa nje. Akatwanga mtama wa watu. Akafua nguo za watu. Akalea watoto wa watu. Machano akakua.

Ukaja ukame. Ng'ombe wakafa, kisha watoto. Machano akalaza sikio ardhini, akasikiliza. Akachimba. Maji! Akachimba kisima kingine. Maji! Akachimba kingine tena. Maji matamu! Jina lake likavuma hadi nchi za mbali.

Mji wa Chini wakamjengea nyumba ndani ya ukuta. "Huyu ni mtu wetu!"

"Na mama yangu?"

"Mama asubiri kwanza."

Machano hakuhama.

Mji wa Juu wakaja na ngoma. "Huyu ni mwana wetu! Kitovu chake kiko kwetu!"

"Nyinyi mlimtupa!"

"Na nyinyi je? Mbuzi wenu hulala ndani, yeye mkamlaza nje!"

Wakashikana mashati. Mapanga yakatoka.

Asubuhi moja Mize akafa. Machano akaenda kwa wazee wa Mji wa Chini. "Shikamooni, wazee wangu. Nipeni kaburi ndani ya ukuta."

"Marahaba, mwanetu. Wewe ni wetu. Mama yako alikuwa mtu wa kuja."

Akapanda Mji wa Juu. "Nipeni kaburi, wazee wangu."

"Wewe ni wetu, mwanetu. Mama yako alitoka hapa na kigego."

"Kigego huyo ni nani?"

Nyinyi mnamjua.

Machano akasema, "Chimbeni mlangoni mnioneshe kitovu changu."

Wakachimba. Mchanga mtupu.

Basi akaiita miji yote miwili bondeni, jua likiwa utosini. "Kitovu changu alikichukua mama. Hakijazikwa popote. Leo kizikwe hapa. Mji utakaochimba kwa bidii zaidi, mimi ni wake."

Akachora mstari mrefu mchangani, akachora mwingine kando yake, wachimbe kati ya mistari hiyo. Miji ikarukia majembe.

"Chimbeni, wavivu nyie!"

"Mvivu babako!"

Shimo la kitovu ni la kina cha kiganja. Hili likafika magotini. Likafika kiunoni. Likafika kifuani. Refu, jembamba. Nyinyi mmeshaliona ni shimo gani. Wao, hakuna aliyeuliza.

"Basi," akasema Machano. "Linatosha."

Akaenda, akarudi na mama yake mabegani, ndani ya sanda. Kitovu alikuwa amekifunga kwenye pindo la sanda. Akashuka naye shimoni, akamlaza, akafukia kwa mikono yake. Hakuna jembe lililomsaidia.

"Ahsanteni. Mlininyima kaburi, mmenichimbia kaburi."

Mzee mmoja akapaza sauti, "Sasa wewe ni wa nani?"

Machano akagusa udongo mbichi. "Wa huyu."

Akaondoka. Visima vikafukiwa na mchanga, kimoja kimoja, na hakuna aliyejua kusikiliza ardhi.

Na miji ile? Kila mmoja ukajenga ua wake kuzunguka kaburi. Huu ukasema, "Hapa amelala mama yetu." Na ule ukasema, "Mama yetu." Mapanga yakatoka tena. Safari hii hayakurudi alani, na waliokufa wakazikwa bondeni, wa Juu na wa Chini, kando ya Mize.

Mzigo nimeutua!
– Tumeuona!
Ni mzito!
– Tutaubeba!