Sori Huanzia Kidondani

Sori huanzia kidondani. Mmeisikia leo, mkacheka, mkadhani ni methali ya vijana wa mjini kwa sababu ina Kizungu ndani yake. Sivyo. Ni ya hapa hapa milimani, na walioianzisha walikuwa na matope hadi magotini. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na bwana mmoja, Senkondo Mrutu, aliyerudi nyumbani kulima tangawizi baada ya miaka kumi na minne ya kuhudumia meza katika hoteli ya wageni huko Arusha. Alikuwa mchapakazi, hilo hakuna wa kumnyima. Ila hoteli ilikuwa imempa neno moja ambalo halikumtoka mdomoni. Kijiko kikianguka, sori. Supu ikipoa, sori. Akimkanyaga mbwa wa jirani, sori, na mbwa naye aelewe. Alilisema huku anatembea, na mara nyingi alikuwa ameshapita kabla hujaitikia.

Mashamba ya kitongoji kile yalinyweshwa na ndiva moja, yaani bwawa dogo la udongo na mawe linalokusanya maji ya mfereji. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kufungua. Na kulikuwa na sharti la tangu mababu: mtu akimdhuru mwenzake kwa maji yale, ndiva hufungwa. Haifunguliwi kwa mtu yeyote mpaka aliyedhuriwa asimame mbele ya wenzake aseme, "Nimesikia." Wazee wale hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mkikosa maji wote, hakuna atakayesema ugomvi haumhusu.

Basi siku ya zamu yake Senkondo alizibua tundu la ndiva lote, badala ya nusu, apate kumaliza upesi, maana alikuwa na kikao cha harusi huko Same. Akapanda pikipiki akaenda. Maji yakavunja ukingo wa mfereji, yakateremka kwenye matuta ya tangawizi ya Mama Nakiete, mjane aliyeishi upande wa chini. Yalisomba matuta mawili na kuyajaza mengine matatu tope zito.

Jioni ile ile Senkondo alipita kwake. "Sori sana, Mama Nakiete," akasema akiwa bado juu ya pikipiki. Kesho yake, kwenye mkutano wa ndiva, akasema sori mara tatu, ya mwisho kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Akaongeza kwamba atatoa magunia mawili ya mbegu, na mbegu nzuri.

Mwenyekiti akamgeukia mjane. "Mama, umesikia?"

"Sijasikia."

Ndiva ikafungwa.

Siku ya nne majani ya tangawizi yalianza kujikunja. Siku ya sita Senkondo alisalimia watu njiani na wengine wakajifanya wanatafuta kitu mfukoni. Mwenyekiti alimwambia wazi: ikifika Jumapili mama hajasikia, jina la Senkondo litatolewa kwenye zamu, na shamba lisilo na zamu ya maji huku kwetu ni kiwanja cha kuchungia mbuzi. Senkondo aliingiwa na hofu. Pia alijiona ameonewa. Mtu ameomba radhi mara nne, ameahidi magunia mawili, anatakiwa afanye nini zaidi, atambae?

Akapata wazo. Alikuwepo mwalimu mstaafu, Mwalimu Elifuraha, mama aliyefundisha Kiingereza mpaka mvi zikaota. Senkondo alimkuta akichambua mchele barazani.

"Mwalimu, shikamoo. Nakuomba uje Jumapili unisaidie kuwaeleza watu. Wanalichukulia sori kama mchezo. Waambie kwa Kiingereza hilo ndilo neno lenyewe la kuomba radhi, hakuna lingine juu yake."

"Marahaba. Keti kwanza," akasema Mwalimu. Aliingia ndani, akatoka na kamusi kubwa iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni, akavaa miwani, akafunua bila haraka. Senkondo alijiona ameshashinda.

"Neno lako ni la zamani sana," akasema Mwalimu. "Hapo mwanzo Waingereza hawakuliandika hivi. Silabi yake ya kwanza ilikuwa sa, baadaye ikawa so. Watu wengi wanadhani ni ndugu wa neno lao la majonzi, sorrow, kwa kuwa wamefanana sura. Lakini si ndugu wa damu. Limezaliwa na neno la kidonda, la maumivu, sore. Aliyelitamka zamani alikuwa anasema hivi: mimi nina maumivu."

"Sawa kabisa. Ndivyo nilivyosema."

"Vizuri." Mwalimu akavua miwani. "Sasa niambie, baba. Unaumwa wapi?"

Senkondo aliinuka. Akasema ana haraka kidogo, akaaga.

Njia nzima alimkasirikia Mwalimu. Alikasirika wakati wa kula, akalala na hasira yake, na asubuhi akaamka nayo. Lakini swali lilikuwa limemganda, na alipojichunguza kwa haki aliona anaumwa mahali pamoja tu: kwenye zamu yake. Aliona aibu. Akachukua jembe akateremka kwa miguu hadi kwenye matuta ya Mama Nakiete, ambako tangu mafuriko yale hakuwa amekanyaga.

Mama Nakiete alikuwa amepiga magoti, anapekua tope kwa vidole. Kando yake palikuwa na chungu mbili za vipande vya tangawizi: moja kubwa, iliyooza na kunuka, nyingine ndogo, ya kujaa kiganja. Senkondo aliweka jembe chini, maana aliona jembe lingekata vipande, akapiga magoti naye. Kila alichokipata kilibonyea vidoleni kama ndizi iliyopitiliza. Saa mbili nzima aliongeza kwenye chungu kubwa tu.

"Magunia mawili yale ni ya mbegu ya wapi?" akauliza Mama Nakiete, bila kuinua uso.

"Ya dukani, mama. Nzuri."

"Hii ni ya mama yangu. Alinifungia kwenye pindo la kanga siku niliyokuja kuolewa huku. Miaka thelathini na mmoja sijanunua mbegu. Mwaka wa njaa tulikula majani ya maboga, hii hatukuigusa. Mama amekufa, kaburi lake liko mbali, sina nauli ya kwenda kila nikimkumbuka. Nilikuwa nakuja hapa."

Senkondo alitazama kile alichokuwa nacho mkononi. Kilikuwa kimeoza. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na tope.

"Nimekuumiza, mama," akasema. "Sikuwa najua nimeumiza nini. Inaniuma."

Wakaendelea kupekua mpaka jua likawa utosini. Walipomaliza, vipande vizima vilikuwa saba. Mama Nakiete alivisuuza, akavihesabu tena, kisha akachukua kimoja, kile chenye jicho lililoanza kuchipua, akamnyooshea.

"Hapana, mama. Mimi? Baada ya haya?"

"Kapande kwako, juu, maji yasikofika. Vya kwangu vikifa, kitakuwa kimebaki mahali."

Jumapili Mama Nakiete alisimama mbele ya watu akasema, "Nimesikia." Maji yakafunguliwa, nusu tundu. Mwenyekiti, mtu wa kupenda kujua, akamuuliza Senkondo amesema nini hatimaye, au amelipata neno jipya la Kizungu?

"Hata hakulitaja," akasema Mama Nakiete.

Mwalimu Elifuraha alikuwa amekaa nyuma na mwavuli wake. "Kalisema," akasema. "Siku zote alikuwa analianzia mdomoni. Safari hii kalianzia linakoanzia."

Senkondo alikipanda kipande kile juu, karibu na mlango wa jikoni, na kila asubuhi kabla ya chai alikwenda kukitazama. Watu wakilileta neno lile kwa haraka, tangu siku hiyo, huambiwa kwa upole: sori huanzia kidondani.