Mlango wa Mwalimu Mshangama

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, palikuwa na Sultani aitwaye Badawi, aliyekwenda ugenini akaona watoto wakisoma sayansi kwa vyombo, wakipima na kuchemsha na kuuliza. Aliporejea akamwambia Waziri wake, "Nataka kila skuli iwe na maabara." Basi Waziri akaona vyombo ni taabu na mlango ni rahisi, akapiga mbiu kwamba kila skuli iwe na mlango ulioandikwa Maabara, na mwalimu asiyekuwa nao ahame mji. Ikawa milango inapakwa rangi kila mtaa, na Sultani akapita akiisifu, wala hakuna aliyeifungua.

Mwalimu Mshangama alikuwa fukara, hana hata chumba. Alifundisha uwanjani, na watu wakamwita punguani kwa kuwa wanafunzi wake walishinda wakicheza na ndoo na mawe. Aliposikia mbiu akaomba mlango mkuukuu kwenye gofu la jirani, akausimamisha katikati ya uwanja, akaandika Maabara kwa mkaa.

Sultani akauzunguka mlango ule mbele na nyuma. "Ewe Mshangama, chumba ki wapi?"

"Bwana wangu, mbiu ilitaja mlango. Chumba sikukisikia."

"Anakudhihaki, Bwana," akasema Waziri. "Na ahame leo."

"Nitahama," akajibu Mshangama, "ila kwanza milango mingine ifunguliwe, nijue wenzangu wamenizidi nini."

Askari wakaenda, wakarudi wameinamisha vichwa. Nyuma ya mlango mmoja walikuta mbuzi wa mwalimu mkuu, nyuma ya mwingine fagio. Na ule wa skuli kubwa kabisa ulikuwa umepigiliwa ukutani, hauna nyuma.

Sultani akatahayari. Ndipo binti mdogo, Mwanashee, mwanafunzi wa Mshangama, akamwendea. "Shikamoo, Bwana. Keti kwenye ubao huu nikuinue."

Ulikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya jiwe. Sultani akaketi kwenye ncha iliyo karibu na jiwe, Mwanashee akaikalia ncha ya mbali, na Sultani akapanda juu na kilemba chake.

"Nguvu hizi umezitoa wapi?"

"Si nguvu, Bwana, ni urefu wa ubao. Jiwe likisogezwa kwangu, nitainuka mimi."

"Lisogezeni," akasema Sultani. Na wakalisogeza huku na huko hadi alasiri, naye akicheka mpaka machozi.

Basi akamwagizia Mshangama vyombo, na Waziri akaamriwa akae na watoto mpaka aweze kueleza kwa nini ubao huinuka. Alikawia sana, maana kila alipoulizwa aliomba kwanza liitishwe baraza.