Kisu cha Jembe la Mwasiti

Hapo kale, wasikilizaji, jembe likifuliwa kuwa kisu na jina la mwenye jembe likatajwa mara tatu, kisu kilimpigania yeye. Zimwi hakulijua hilo. Alimletea mhunzi Shekalaghe jembe, akasema, "Mzee, nifulie kisu."

Shekalaghe akaona kiraka alichokipiga mwenyewe. Lilikuwa jembe la Mwasiti, binti yake, aliyekwenda shambani asubuhi.

Akafua, akinong'ona, "Mwasiti. Mwasiti. Mwasiti."

"Mhunzi gani wewe, unalia?"

"Ni moshi, bwana."

Zimwi alipokishika kisu, kikamgeukia, kikamchoma moyo. Shekalaghe akampasua tumbo upesi, akimwita mwanawe. Ilitoka kanga ya Mwasiti tu.

Tangu siku hiyo kisu kile hakijakata kitu. Ngano imekoma, makaa yamepoa.