Nyapara wa Dari ya Mfalme

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na dari!
Ikavuja?
Ikavuja!
Ikamvujia nani?

Hilo kaeni mlisikie. Wewe mwenye kahawa, sogea kidogo, tumbo langu nalo linataka pa kukaa.

Hapo kale, katika mji wa mawe, mfalme alijenga ukumbi. Kuta zikasimama, boriti zikalazwa, chokaa ikamwagwa juu. Ikabaki kuipiga. Na chokaa ya dari haipigwi na mtu mmoja. Wanakaa watu safu kwa safu, kila mtu na kigongo chake, wanapiga kwa wimbo, pa! pa! pa! mpaka chokaa ishikane iwe jiwe. Ikiachwa kabla, inapasuka, mvua inaingia. Na desturi ya mji ilikuwa hii: mwenye nyumba huwalisha wapigaji. Wali na nyama, kila mchana, mpaka kazi iishe.

Nyapara wao aliitwa Machano. Zamani alikuwa mpigaji kama wao, ana nafasi yake kwenye safu, ana wenzake wa kula nao sinia moja. Kilichomponza ni sauti kubwa. Mfalme aliisikia, akamvika kanzu nyeupe, akamwambia, "Wewe sasa ndiye mdomo wangu kule juu."

Machano akaona si neno. Kazi ikiisha atavua kanzu, atarudi kwenye safu, kwa watu wake. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani.

Mimi nimetembea, jamani. Lamu mpaka Kigoma, kote nimefukuzwa kazi, na kote nimemkuta Machano. Kanzu ile hata mimi niliwahi kuivaa. Ilinibana kwapani.

Basi mfalme akamwita. "Machano! Watu wako wananimalizia ng'ombe. Kuanzia kesho, wali mtupu."

"Sawa, bwana mkubwa."

Akapanda juu. Bi Kazija, mwimbishaji wao, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, akamdaka: "Haya, mdomo wa mfalme! Kasemaje?"

"Anawasalimu. Anasema mnapiga vizuri."

Kesho yake masinia yakaja hayana nyama. "We Machano, nyama iko wapi?"

"Ng'ombe kachelewa."

Akashuka. "Wanasemaje huko?"

"Wanashukuru, bwana mkubwa."

Mfalme akaona mambo mazuri. Akamwita tena. "Wali nao mwingi. Wapewe muhogo."

"Sawa, bwana mkubwa."

Akapanda. "Kasemaje?"

"Anawasalimu sana."

"Salamu hatuli!" akasema Bi Kazija. "Mwambie vigongo havinyanyuki."

Akashuka. "Wanasemaje?"

"Wanakuombea dua."

Mfalme akanenepa kwa dua. Akamwita mara ya tatu. "Wageni wangu wako njiani. Kigongo kikinyamaza hata kidogo, nakufukuza mjini."

Akapanda. Akawakuta wamelala chali juu ya chokaa mbichi. Njaa. Chini anatishwa, juu anazomewa. Mngefanya nini? Msinitazame mimi.

Machano akanong'ona: "Jamani, pigeni ncha za boriti pale ukingoni. Mti mkavu unalia sana, mkono hauchoki. Wachache wapige, wengine mlale. Yule anataka kusikia, basi asikie."

Wakacheka. Wakapiga ncha za boriti. Pa! pa! pa! Mfalme huko chini akaitikia kwa kichwa: "Hiyo ndiyo kazi!" Juu wakasema: "Machano ni wetu huyu!" Machano akapendwa juu, akapendwa chini. Chokaa hakuna aliyeigusa.

Wageni wakaja. Zulia likatandikwa. Mvua ikanyesha.

Ilianza tone kwenye pilau. Likafuata tone kwenye kilemba cha mgeni. Kisha likashuka pande zima la dari, likakaa mbele ya mfalme kama mgeni mwingine.

Wapigaji wakaitwa. Kwa mara ya kwanza, Bi Kazija akasimama uso kwa uso na mfalme.

"Kumbe mlikuwa mnashukuru na kuniombea dua!" akafoka mfalme.

"Dua? Tulikuwa tunakufa njaa! Wewe si ulikuwa unatusalimu?"

"Nani kawasalimu?"

Mfalme akamgeukia Machano. Wapigaji wakamgeukia Machano. Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo mfalme na watu wake walipokuwa kitu kimoja, wakipiga kelele moja: "Mwongo!"

Wale waliolala wakati wenzao wakigonga boriti, ndio walioongoza.

Akavuliwa kanzu. Mfalme akachinja ng'ombe, chokaa ikamwagwa upya. Kanzu akapewa Bi Kazija.

Machano akachukua kigongo, akaenda kwenye safu. Hakuna aliyesogea. Mchana akaliendea sinia. Wakalizunguka kwa viwiko, asipate pa kupenya. Akala peke yake, kiganjani, pembeni.

Siku ya pili mfalme akamwita Bi Kazija. Aliporudi juu hakuimba. Alikwenda kukaa kando ya Machano.

"Kataka kupunguza nyama tena," akasema. "Niwaambieje?"

"Kama alivyosema."

"Watanichukia."

"Watakuchukia," akasema Machano. "Mimi niliwaficha, ndiyo haya unayoyaona. Waambie. Kisha shuka, na yeye umwambie watakavyojibu. Wote wawili, neno kwa neno."

Bi Kazija akainuka, akawaambia. Wakamtukana, wakamwita kibaraka, wakaweka vigongo chini. Akashuka, akamwambia mfalme: "Wameweka vigongo chini. Na wingu limefunga." Mfalme akamwita mshenzi. Kisha akatazama juu. Kisha akaagiza ng'ombe.

Dari ikapigwa, ikashikana, ikawa jiwe. Masika ikapita juu yake, ndani hapakuingia tone.

Siku ya karamu ya kufungua ukumbi mfalme alikaa na wageni wake, wapigaji wakakaa na wenzao. Bi Kazija hakuitwa chini wala hakuitwa juu. Sinia lake lililiwa na watu wawili, yeye na Machano, na nyama ikawabakia.

Hadithi yangu imefika, nami nimechoka. Mlioiona tamu, nendeni nayo kwenu. Mlioiona chungu, niachieni. Tumbo ndilo hili, lina nafasi.