Matanga ya Chemchemi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na maji!
Na maji yako wapi?
Utuambie wewe!

Basi sogeeni. Mwenye kibuyu akiweke chini, mwenye mtoto amlaze.

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali sana, palikuwa na bonde. Bondeni palikuwa na mwamba, na chini ya mwamba ilitoka chemchemi. Swala alikunywa hapo. Ngiri alikunywa hapo. Kanga na vifaranga vyake walikunywa hapo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini anakunywa.

Juu ya mwamba aliishi pimbi mmoja msichana, jina lake Chausiku, pamoja na bibi yake ambaye miguu ilikuwa haimtii tena. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo kama sungura aliyenyang'anywa masikio. Hana mkia, hana pembe, hana cha kumtishia mtu. Ana mdomo tu. Huyu Chausiku alisoma kwa Mwalimu Kobe, chini ya mgunga, na alipenda masomo kuliko chakula.

Siku moja ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Akaja Tembo, mgongoni amebeba mizigo ya miwa. Mbele yake alitangulia Mzee Nyani, mwenyekiti wa bonde, akifagia njia kwa tawi.

"Ndugu zangu," alisema Tembo, "nimekuja kuwajengea Jumba la Kumbukumbu. Kila neno linalosemwa na kila mnyama duniani litakaa humo. Nani kasema nini, nani kala nini, nani kampenda nani. Hakuna kitakachosahaulika."

"Kwani sisi tumesahau nini?" aliuliza Mama Ngiri.

Wanyama wakacheka.

"Mama, haya ni maendeleo," alisema Tembo.

"Na kazi zitakuwepo?"

"Kazi tele!"

"Na hilo jumba litakunywa nini?" Sauti ilitoka juu ya mwamba. Alikuwa Chausiku.

Tembo akainua kichwa, akatafuta, asimwone. "Jumba halina mdomo, mtoto. Ila maneno mengi yakirundikwa pamoja hupata joto, kama majani mabichi. Itabidi niyapoze kwa maji kidogo. Tone tu."

"Tone la nani? La sisimizi au la tembo?"

Tembo akatafuta tena, akamwona. Kisha akacheka mpaka masikio yakapiga upepo.

"Kumbe ni pimbi! Jamani, tembo na pimbi si watani tangu enzi za mababu? Mtani wangu, mkia wako uliuza wapi?" Akamgeukia Mama Ngiri. "Na wewe, uso huo ulikanyagwa na nani?" Akamgeukia Kanga. "Na wewe, shingo hiyo umenyolewa kwa kisu au kwa meno?" Kisha akasema, "Msinune! Mimi ni mtani wenu nyote. Utani hauna hasira. Atakayekasirika atoe faini!"

Jueni kwamba bondeni kule utani haukuwa jambo la mchezo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukupokonya tonge mdomoni. Anaweza hata kuingia kaburini siku unayozika, akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe anachotaka. Wewe kazi yako ni kucheka. Ukikasirika, umeshindwa, na faini anaitaja yeye. Kwa hiyo Tembo alipotia mkonga chemchemini na kunywa kabla ya wote, hakuna aliyesema neno. Mtani hajichotei?

Miwa ikagawiwa. Kwachu, kwachu, kwachu. Kila mdomo ukajaa.

Mzee Nyani akasimama juu ya kisiki. "Anayepinga aseme!"

Kwachu, kwachu, kwachu.

"Napinga!" alisema Chausiku, ambaye hakuwa na muwa mdomoni.

"Mtoto hana sauti kikaoni. Wakubwa je?"

Kwachu, kwachu, kwachu.

"Kimya ni kukubali," alisema Nyani. "Imepita!"

Tembo akaanza na chumba kimoja, akakiita cha majaribio. Chumba kikanguruma usiku na mchana, nguuuuu. Kikavuta maji, fyoooo. Nguuuuu, fyoooo. Nguuuuu, fyoooo. Vifaranga vya Kanga vilishindwa kulala. Chemchemi iliyokuwa nene kama paja ikawa kama mkono. Iliyokuwa kama mkono ikawa kama kidole.

Na zile kazi tele? Ilikuwa moja, ya kulinda mlango, na akaipata mpwa wa Nyani. Wachimbaji waliletwa kutoka mbali, nyumbu wapole wasiomjua mtu.

Asubuhi moja Chausiku alikuwa kwa Mwalimu Kobe, anaandika mchangani, alipoitwa na bibi yake. "Mjukuu wangu, foleni chemchemini imefika mgungani, na mimi siwezi kusimama. Huko mtoni ni mbali, lakini maji yapo. Utanisamehe."

Chausiku akafuta maandishi yake kwa mguu ili asiyaone tena, akachukua kibuyu. Alikwenda mtoni siku ile, na kesho yake, na siku zote. Akiondoka, wenzake walikuwa hawajafika darasani. Akirudi, walikuwa wameshatawanyika. Jumba lenye maneno yote ya dunia lilimnyima Chausiku yale machache aliyokuwa akiyatafuta.

Wanyama wakaenda kwa Nyani. "Mwenyekiti, maji."

"Nendeni kwa Tembo."

Wakaenda kwa Tembo. "Bwana mkubwa, maji."

"Nendeni kwa Nyani."

Wakarudi kwa Nyani. Nyani akakunja uso. "Kuanzia leo ni marufuku kukusanyika bila kibali. Anayetaka mkutano aje kwangu aombe."

"Na tukiomba utatupa?"

"Ombeni muone."

Kisha ikatangazwa kwamba majaribio yamefaulu. Sasa linajengwa jumba lenyewe, vyumba visivyohesabika, na msingi wake utapita juu ya jicho la chemchemi. Kile kidole kilichobaki kitaingia chote ndani ya ukuta. Asiyeweza kufika mtoni, kama bibi yake Chausiku, atajijua.

Asubuhi ya kuchimba, nyumbu walipanga mstari. Kwe! Kwe! Kwe! Majembe yakala ardhi. Shimo lilipofika kiunoni, Chausiku akashuka kutoka mwambani na kuingia humo. Akalala chali. Akajifunika jani la mgomba kuanzia miguuni hadi kifuani. Akafumbua mdomo.

"Uuuwi! Uuuwi! Mama yetu! Uuuwi!"

Jembe la kwanza likasimama hewani. La pili likashuka taratibu. Nyumbu ni wanyama wa kwao, wana mila zao, nao wanajua kwamba palipo na msiba hakuna anayepiga jembe. Kupiga jembe karibu na maiti asiyezikwa ni kujitafutia kifo cha pili.

"Nani kafariki, binti?" aliuliza nyumbu mzee.

"Mama aliyenyonyesha bonde zima."

"Pole sana. Aliugua?"

"Alinyonywa mpaka akaisha. Nyinyi mnamchimbia kaburi na hamkuambiwa?"

Nyumbu mzee akachungulia kile kidole cha maji kando ya shimo. Akaelewa. Akavua kofia aliyopewa na Tembo, akaketi chini. Wenzake wote wakaketi.

Mama Ngiri alisikia kilio akaacha chungu motoni. Kanga alisikia, Swala alisikia, bonde zima likasikia. Wakaja na mikeka, wakajifunga viuno, wakajaa pande zote za shimo, wakilia. Mwanzoni walilia kwa kufuata desturi. Baadaye wakalia kwelikweli, maana kila mmoja alikuwa na lake.

Nyani akaja mbio. "Tawanyikeni! Nani kawapa kibali?"

"Kibali cha msiba?" alisema Mama Ngiri huku akipenga kamasi. "Tangu lini mfiwa akaomba ruhusa? Alipokufa mama yako uliomba kwa nani?"

Nyani akajikuta ameketi mkekani.

Ndi! Ndi! Ndi! Tembo huyo. "Nini hiki? Toka shimoni, wewe!"

"Sitoki," alisema Chausiku. "Mtani hatoki kaburini bure. Ulisema mwenyewe sisi ni watani."

"Nitakupa miwa."

"Mama yangu amekufa, wewe unanipa miwa? Mtani wangu, pua yako ni ndefu kuliko aibu yako."

Waombolezaji wakacheka katikati ya machozi. Tembo akajilazimisha kucheka. "Ha, ha."

"Masikio unayo kama majamvi, ila wanaosikia ni wenye masikio madogo."

"Ha."

"Nasikia unajenga Jumba la Kumbukumbu. Wenye akili wanasema ni kwa sababu umeanza kusahau. Uzee, baba, hauna dawa."

Hapo Tembo hakucheka. Tembo unaweza kumtukana pua, unaweza kumtukana ngozi, lakini kumbukumbu zake usiziguse. "Mimi? Mimi nasahau? Niulize neno lolote!"

"Jina langu nani?"

"Wewe ni pimbi."

"Pimbi ni ukoo. Mtani anamjua mtani wake kwa jina. Nimekuuliza maswali mbele ya bonde zima, nimepita mlangoni kwako kila siku na kibuyu. Jina langu nani?"

Tembo akamtazama. Akatazama chini, akatazama juu. Kusema kweli hakuwa amesahau, kwa sababu hakuwahi kuuliza.

"Mna majina nyinyi?" alisema mwishowe.

Bonde zima likaguna, mmmh! Chausiku akakaa kitako shimoni. Maneno mengine aliyokuwa ameyaandaa yakamtoka kichwani. Akajisikia mdogo kuliko alivyowahi kuwa, na papo hapo akajisikia kuchoka kuogopa.

"Andika hilo nalo," alisema. "Liweke jumbani mwako, ulimwagie maji lisiungue."

"Mpaaaaaa!" Tembo akapiga mbiu, akapiga mguu, akarusha udongo, mikeka ikaruka.

"Kakasirika!" alipiga kelele Mama Ngiri. "Jamani, mtani kakasirika! Faini!"

"Faini! Faini! Faini!"

Chausiku akasimama, jani la mgomba likadondoka. "Faini yangu ni hii. Beba chumba chako, ondoka bondeni. Unakubali?"

Tembo alijaa hasira kiasi kwamba neno halikutoka. Alisimama tu, anahema.

Na Mzee Nyani, ambaye maisha yake yote kikaoni alikuwa na jambo moja la kusema, akalisema bila kufikiri. "Kimya ni kukubali. Imepita!"

Tembo akamtazama. Nyani akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikwishatoka. Nyumbu wakainuka, wakayaweka majembe begani, wakashika njia ya kwao. Tembo bila nyumbu hawezi hata kuchimba choo. Akang'oa chumba chake, akakibeba mgongoni, akapanda mlima, ndi, ndi, ndi, mpaka sauti ikafifia upande wa pili.

Bondeni wakacheza, wakamrusha Chausiku juu. Kile kidole kikanenepa, kikakaribia kuwa mkono. Chausiku akateremka na kibuyu kitupu mpaka mgungani ili arudie masomo, lakini hakumkuta mtu. Mwalimu Kobe alikuwa ameondoka zamani kufuata maji, na kobe akishaondoka, hakuna ajuaye atarudi lini.

Halafu, asubuhi moja, chemchemi ikapungua tena. Hakukuwa na jumba wala mngurumo, ila maji yalipungua.

"Mlima una tumbo moja, mjukuu wangu," alisema bibi. "Anayenyonya kule ananyonya na huku."

Chausiku akavuka mlima ili akawafundishe majirani kulia. Alipofika upande wa pili alisikia ngoma. Dundu! Dundu! Vigelegele! Majirani wamepaka mafuta, wamevaa shanga, wanacheza. Nyuma yao kuta zilikuwa zimefika juu ya miti.

"Kuna nini?" alimuuliza Bibi Pundamilia.

"Harusi! Bonde letu limeolewa na Jumba. Tembo kalipa mahari. Kila siku ni harusi hapa."

"Lakini maji yenu..." Chausiku akavuta pumzi. "Uuu..."

Bibi Pundamilia akamziba mdomo kwa nguvu. "Mwana wa mkosi! Unalia harusini? Unataka kutuletea nuksi?"

"Bibi, nimekuja kuwaambia..."

"Wivu tu! Mlimkataa wenyewe, sasa roho zinawauma. Rudi kwenu na matanga yako!"

Na pale mbele, chini ya turubai, amevishwa maua shingoni, aliketi Tembo. Alimwona Chausiku. Safari hii hakukasirika hata kidogo. Akamwinulia mkonga kwa heshima, kama mwanafunzi anavyomwamkia mwalimu wake. Halafu akawaambia wapiga ngoma wakaze.

Chausiku akapanda mlima, akarudi. Akakinga kibuyu chini ya mwamba, akaketi akisubiri kijae.

Basi, ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba mtoto asiulize maswali mbele ya wageni. Ukiletewa zawadi, tafuna, wala usiulize bei, huo ni utovu wa adabu. Kiu ni ya mtu mmoja, maendeleo ni ya wote. Na ukisikia jirani anapiga ngoma, nenda ukacheze, maana ukilia utaambiwa una wivu, na wivu ni dhambi kubwa.

Nami ngano yangu naitua hapa. Mwenye shingo imara ajitwike aende nayo kwao, na atembee polepole, isije ikamwagika njiani.