Okei ya Fisi

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakipanga foleni ya ndoo kisimani kama tunavyopanga sisi, Fisi alikabidhiwa kamba ya kuchotea maji. Alikuwa ametoka safari ya mbali na neno moja tu la Kiingereza: okei.

Ukimwomba kamba, anajibu, "Okei." Unangoja, unangoja. Ukimuuliza tena, anacheka: "Kwani nimekubali? Okei ni nimesikia." Tembo akimletea muhogo, okei ni asante. Swala akilalamika, okei ni nyamaza. Hakuna aliyebisha, maana mwenye Kiingereza alikuwa yeye peke yake.

Nguchiro alikuwa na mtoto, Sikitu, aliyeshikwa na homa. Midomo ilimkauka ikapasuka. Jirani yake Kanga alimletea maji ya mwisho ya mtungi wake, bila kuombwa. Nguchiro aliwaona vifaranga wa Kanga wakiyatazama yale maji huku wakimeza mate. Hasira ikampanda, mkia ukasimama wima.

Akaenda kisimani, akaipita foleni yote.

"Shikamoo, Baba Fisi. Mtoto anaungua. Nipe kamba nichote kopo moja tu."

"Okei," Fisi akasema, akazidi kukaa juu ya kamba.

"Okei ya kunipa?"

"Ya kesho, mama. Usinichoshe."

Nguchiro akainama kisimani, akanusa, nf, nf. "Basi tena. Na yule mbuzi aozee humo humo."

"Mbuzi gani?"

"Si huyo aliyetumbukia. Amenona kweli. Lakini kushuka huko si kazi ya wazee."

"Mzee nani?" Fisi alikuwa keshafunga kamba kwenye gogo. Akateremka, srrr, akatua juu ya jiwe, maji yakimlamba miguu. Akapapasa huku na huku. Mbuzi hayupo.

Nguchiro akaivuta kamba, hrrr, yote.

"We Nguchiro, teremsha kamba."

"Okei," akajibu, akaikalia.

"Tembo, ndugu yangu, wewe una nguvu. Nitoe."

"Okei," Tembo akasema, wala hakuinua mguu.

"Mnafanya mzaha? Nitafia huku."

"Na mwanangu anakufa huku," Nguchiro akasema, sauti ikimtetemeka kwa hasira. "Sema kwa lugha tunayoijua wote. Kamba ni ya nani?"

Fisi akahamisha miguu majini, cho, cho, cho.

"Ya wote," Fisi akasema. "Kila mtu achote kwa zamu yake. Mimi siishiki tena."

"Rudia. Walio nyuma hawakusikia."

Akarudia. Tembo akateremsha kamba, akamvuta juu, naye akaondoka akichuruzika maji, hata kuaga hakuaga.

Foleni nzima ikampisha Nguchiro. Akachota, akakimbia nyumbani. Sikitu akanywa, glu, glu, akafumbua macho, akaomba tena.

Wanangu, mtu akiificha haki yenu nyuma ya neno msilolijua, msimwachie mpaka aseme mnaloelewa.