Kolirabi za Bi Siwema

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa wakialikana chakula na kuulizana hali za watoto, Kiboko mmoja aitwaye Bwana Mabumba alitoka mtoni ana njaa ya majani. Puu! Puu! Puu! Ardhi ikatikisika.

Njiani akakuta bustani mpya. Akasimama, akashangaa. Hajapata kuona mboga ya namna ile: mipira ya kijani imekaa juu ya udongo, na majani yamechomoza ubavuni kama masikio.

"Siwema! Nani kakwambia ulime kwenye njia yangu? Nakanyaga, napita!"

Bi Siwema, pimbi mjane, akatoka jikoni mbio. Bustani ile ndiyo iliyowalisha wanawe. Mabumba akipita mara moja tu, watalala njaa mpaka mvua nyingine. Akaificha hofu yake, akacheka.

"Karibu, jirani! Utapitaje mlangoni kwangu hujaonja kitu? Watu watasemaje?"

Hapo Mabumba akanaswa. Kwa desturi yao, ukishakaribishwa chakula huondoki hujaonja. Akaurudisha mguu nyuma, akaketi, kashfa hakuitaka.

Siwema akachuma kolirabi moja, maana ndilo jina la mboga ile. Akamenya ganda lake gumu, akakata nusu yake vipande vyembamba, akanyunyizia chumvi, ndimu na pilipili. Mabumba akatia kinywani. Kru! Kru! Kru!

"Lo! Ina maji! Tamu! Tunda hili?"

"Tulia, Bwana Mabumba. Bado."

Nusu iliyobaki akaikaanga na kitunguu na nyanya, akamimina tui la nazi, akaacha chungu kitokote. Safari hii ilikuwa laini, ikateleza yenyewe kooni. Mabumba akafumba macho.

"Na hiki nacho ni nini?"

"Ni ileile."

"Acha uongo wako!"

"Ileile, haki ya Mungu. Na majani yake haya hapa, nimeyaunga kwa karanga."

Mabumba akayala yote. Tangu azaliwe alikuwa anakula majani, majani, majani, akidhani kula ni kujaza tumbo basi. Leo mboga moja, ladha tatu! Jitu zima, machozi yakamlengalenga.

"Siwema," akanong'ona, "hii ni mboga au ni muujiza?"

Siwema akasogea karibu. "Ina mwiko, jirani. Ikikanyagwa hata moja, zote zinageuka kuni."

"Kuni! Hebu niondokee!"

"Huamini? Ngoja." Akaenda uani, akarudi na kolirabi moja kubwa, nene. "Uma."

Mabumba akauma. Kwaa! Jino likalia. Ndani nyuzi tupu, mti mtupu!

"Hiyo ilikanyagwa na mbuzi," Siwema akasema, na uso wake ulikuwa wa matanga kabisa.

Sasa nyinyi msimwambie mtu. Hakuna mbuzi aliyekanyaga kitu. Kolirabi ile ilisahauliwa shambani ikazeeka, na kolirabi ikizeeka huwa ngumu kama mti. Lakini Mabumba atajulia wapi, yeye hajawahi kulima hata tuta moja!

Akaitazama miguu yake minne, kwa mara ya kwanza akaiogopa. Akainuka polepole. Nyata, nyata, nyata, akaizunguka bustani kwa mbali, pumzi ameibana.

Kesho yake jioni Nyati akaja anatimua vumbi. Akamkuta Kiboko amelala mpakani, kinywa wazi, meno yote nje.

"Rudi ulikotoka!" Mabumba akanguruma. "Unataka sote tule kuni?"

Nyati hakuelewa neno, lakini meno aliyaona. Akageuka, huyoo!

Jikoni watoto wa Siwema walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yao akawanyamazisha, akapakua sahani ya kwanza, ile ya nazi, akampelekea mlinzi wake.

Basi wanangu, ukitaka mwenye nguvu akitunze kilicho chako, kwanza mwonjeshe utamu wake.